Usitoke Mpaka Kakakuona Atoke

Ukitaka kumjua mwanamume, mpakie gari moja na mama mkwe wake. Dereva alikuwa amepitisha malori ya mizigo kwenye milima ambayo wenzake waliishuka wakisali, na mkono wake haukuwahi kutetemeka. Lakini Jumamosi ile, kwenye gari dogo la kuazima, mama mkwe akiwa amekaa kiti cha nyuma kimya kama mtihani, alisahau indiketa, akapanda tuta kwa kasi, akaomba radhi kwa tuta.

"Tuta limekusamehe, baba," alisema mama mkwe. "Tazama mbele."

Pembeni ya mama mkwe alikaa Kibibi, binti wa Dereva, mtoto wa miaka mitano. Jina la utani lilimkaa kama nguo ya kushonewa, maana alikuwa bibi yake mtupu: mikono nyuma, midomo imebanwa, na jicho la mkaguzi. Mama yake alifariki yeye akiwa hajaanza kutambaa. Tangu msiba ule alilelewa na bibi huyo, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima, pamoja na watoto wa kuwazaa mwenyewe, ulimwita Mwalimu. Dereva alikuwa akija kati ya safari na safari, na mdoli mkononi na usingizi machoni.

Sasa alikuwa amechoka kuwa mgeni wa mwanawe. Alimwangukia bosi wa malori mpaka akapewa njia fupi, ile ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Alipanga vyumba viwili. Alinunua kitanda kidogo, akakifunga mwenyewe kwa spana, akakitandika. Halafu akaenda kumwomba Mwalimu mtoto wake. Mwalimu hakukubali wala hakukataa. "Kwanza nikuone naye," alisema. "Si kumbeba begani na kumnunulia pipi. Nikuone naye." Kwa hiyo siku yenyewe ndiyo hii, na Dereva alijua kwamba jioni atapewa mtoto au atapewa pole.

Mahali alipachagua Mwalimu. Nyuma ya maktaba kulikuwa na njia ya miguu iliyopita katikati ya miti, na kila baada ya mwendo kidogo kulisimama kibao chenye ukurasa mmoja wa kitabu cha picha, umefunikwa plastiki ngumu. Familia inasoma ukurasa, inatembea, inakuta ukurasa unaofuata, hivyo hivyo mpaka hadithi na njia vinaisha pamoja. Mwezi ule kilikuwa kimewekwa kitabu kipya cha mnyama kakakuona, ambacho hata Mwalimu hakuwa amekisoma.

Mwalimu aliketi kwenye benchi la getini. "Nendeni. Magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Na unajua sheria ya kwetu: aliyeanza ukurasa ndiye anayeumaliza, na mtu hanyanyuki kabla ya nukta ya mwisho."

"Ndiyo, mama," alisema Dereva.

Shida ni kwamba Dereva alisoma kama alivyoendesha. Kwake ukurasa ulikuwa barabara, na barabara ni ya kumalizwa. Kibao cha kwanza alikimaliza kwa pumzi moja.

"Umeruka," alisema Kibibi.

"Sijaruka, mama."

"Huyu kipepeo aliyekaa kwenye pua hujamsoma."

Akarudi, akamsoma kipepeo. Kwenye kibao cha pili aliona maneno mengi kuliko subira yake, akafupisha: "Basi, kakakuona akatembea, akatembea, akafika." Kibibi aliweka mikono nyuma akamtazama kutoka chini kwenda juu.

"Kitabu hakisemi hivyo. Baba, wewe ni mwongo."

Dereva alicheka, lakini lilimchoma. Mtoto wa Mwalimu hajui utani kwenye mambo ya vitabu. Juu ya vilima mbingu ilikuwa nyeusi tangu mchana, na huko mbali radi ilikuwa ikinguruma kwa kukokota, lakini njiani jua bado lilikuwa linawaka na watu walikuwa wanatembea bila wasiwasi. Mbele yao kulikuwa na mama mmoja na watoto wake pacha, waliokuwa wakigombea nani asimame kulia.

Walipofika kibao kilichosimama juu ya mtaro, simu ikalia. Alikuwa bosi. Dereva aliitazama ikilia huku mdomo wake ukisoma, na hilo ndilo jambo ambalo mtu hapaswi kulifanya: mdomo ulikuwa kwenye kibao, macho kwenye simu, akili kwenye lori. Alifika mwisho wa ukurasa bila kusikia neno moja alilosema. Kisha akageuka pembeni, akapokea.

Dereva mmoja ameugua, bosi alisema. Kuna mzigo lazima uondoke usiku huu, safari ndefu, siku kadhaa.

"Bosi, tulikubaliana njia fupi. Nina mtoto."

"Kila mtu ana mtoto. Ukikataa leo, njia fupi nampa mwingine."

Dereva alipiga teke jiwe. Alipiga hesabu za haraka haraka, akajiambia kwamba ni safari moja tu, ya mwisho, kwamba Mwalimu si lazima ajue. "Sawa, bosi," alisema. "Nitakuja."

Alipogeuka, Kibibi hakuwepo.

Mwanzoni hakushtuka. Alifikiri mtoto ametangulia kibao kinachofuata, akatembea haraka kidogo, kisha haraka zaidi. Kwenye kibao kinachofuata walikuwepo pacha na mama yao peke yao.

"Mama, hamjaona mtoto hapa? Wa kike, ana blauzi ya njano?"

"Hajapita hapa, kaka. Tumesimama muda."

Akarudi mbio, akiita. Aliita Kibibi, akaita jina la shuleni, akaita jina ambalo marehemu mkewe alikuwa akimwimbia. Kisha hofu ikageuka hasira, kama inavyofanya kwa wanaume wengi, akapiga kelele: "Toka! Toka sasa hivi, nitakuchapa!" Miti ilinyamaza. Radi ikapiga, safari hii karibu, na upepo wa baridi ukashuka njiani.

Mtunza njia alitokea na mabuti yake ya mpira ambayo yalimpa jina; wote walimwita Buti. Alisikiliza maneno mawili tu, akatazama juu vilimani, uso ukabadilika.

"Kule imeshanyesha kubwa. Maji yakishuka, mtaro huu na bwawa la chini vinajaa kufumba na kufumbua. Tuanze bwawani."

Wakashuka bwawani. Baba wawili waliokuwa wakipita wakavua viatu, wakaingia mpaka kiunoni, wakipapasa chini kwa miguu. Mama Pacha aliwashika wanawe mikono mpaka wakalalamika. Dereva alisimama ukingoni akitazama maji, na kila jani lililozama aliliona kama blauzi ya njano. Mtu mzima na nguvu zake, alitamani ardhi ipasuke. Matone makubwa ya mvua yakaanza kuanguka.

Nyuma yake akasikia fimbo ikigonga mawe. Mwalimu alikuwa amekuja. Hakuna aliyemwita, makelele yenyewe yalimfikia benchini, na magoti yaliyostaafu yakarudi kazini.

"Yuko wapi?"

Dereva alifungua mdomo. Uongo ulikuwa tayari umejipanga ulimini, kwamba alikuwa naye, kwamba alimponyoka tu. "Simwoni, mama," alisema. "Nilikuwa kwenye simu."

Mwalimu alifumba macho, akayafumbua. Hakupiga kelele, na Dereva angependa apige.

"Mmeachana wapi?"

"Kwenye kibao cha mtaroni."

"Ulikuwa umemsomea nini?"

Dereva alitafuta kichwani. Palikuwa peupe. Alikumbuka kila neno la bosi, hata kikohozi chake, lakini ukurasa alioutamka kwa mdomo wake mwenyewe haukuwemo. "Sijui," alisema. "Wallahi mama, nilisoma, lakini sijui nilichosoma."

"Basi kakisome," alisema Mwalimu. "Mtoto yule hafanyi jambo bila kuambiwa."

Walipanda tena mpaka mtaroni, Mwalimu akimshika mkwewe mkono ili yeye mwenyewe asianguke, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mvua ilikuwa imeshakolea. Dereva alipangusa plastiki kwa kiganja, akasoma kwa sauti, na mara hii kila neno lilimwingia.

"Ngurumo! Kakakuona akaingia shimoni, akajikunja kama mpira. Na wewe, rafiki msomaji, jikunje! Tafuta shimo lako! Nyamaza kimya, hata ukiitwa! Usitoke mpaka kakakuona atoke."

Mwalimu alishika mdomo wake. "Shimo," alisema. "Buti, shimo liko wapi hapa?"

"Hakuna shimo, Mwalimu. Kuna bomba la zege chini ya njia, linapitisha maji ya mvua. Lakini lina wavu wa chuma."

Dereva alikuwa ameshatelemka mtaroni kwa makalio. Wavu ulikuwepo kweli, lakini kona yake ya chini ilikuwa imekula kutu na kukunjwa, na nafasi iliyobaki ilimtosha mbwa mdogo, au mtoto. Aling'oa kipande kilichobaki kwa mikono, akamulika ndani kwa simu. Mbali, zaidi ya urefu wa mikono yake, akaona kitu cha njano kimejikunja. Kilikuwa kimempa mgongo. Maji ya kahawia yalikuwa yakiingia kutoka upande wa pili, yakipita chini ya kitu kile, na kitu chenyewe hakisogei.

Alilia kwa sauti ambayo hakuijua. Akajisukuma ndani, kichwa, bega moja, bega la pili likakwama kwenye zege. Alisukuma mpaka ngozi ikachunika. Simu ikamponyoka, ikaenda na maji, lakini mwanga wa mchana uliobaki ulitosha kuona.

"Kibibi! Mama! Njoo, toka, kakakuona keshatoka!"

Ndani kule, kichwa kidogo kikatikisika. Hapana.

Mtoto alikuwa hai, na alikuwa anakataa. Dereva hakujua acheke au azimie. "Yuko hai!" alipiga kelele nje. "Yuko hai, ila hataki! Nimemwambia kakakuona ametoka, hataki!"

Juu njiani, Mwalimu alipiga magoti kwenye matope. "Hakuamini wewe," alisema. "Anajua unaruka. Na mimi nimemfundisha hanyanyuki kabla ya nukta." Kisha akapaza sauti ile ya darasani iliyotisha vizazi: "Kibibi, mimi bibi! Toka!" Lakini maji na radi viliimeza sauti ya mwanamke mzee, haikufika popote. "Ukurasa!" alisema. "Mleteeni ukurasa unaofuata! Aliyeanza amalize!"

Buti alikuwa mtu wa kuwakemea watoto wasiguse hata mlingoti wa kibao. Alikimbia mpaka kibao kinachofuata, akakipiga teke moja la buti, akakipasua, akarudi na ukurasa kwenye plastiki yake. Maji mtaroni yalikuwa yamefika magotini kwa Dereva. Ndani ya bomba yalikuwa yanapanda kwenye mgongo wa njano.

Dereva akachomoa bega, akaupokea ukurasa, akaweka uso kwenye mdomo wa bomba. Mikono ilimtetemeka, mikono ile ile ya milimani. Akatupa jicho mwisho wa ukurasa, akaona neno alilolitaka, akataka kuyaruka yote na kulifikia. Akajizuia.

"Ngurumo zikapungua," alisoma. "Kakakuona akatega sikio."

Mgongo wa njano haukusogea.

"Sisimizi wa kwanza akapita, amebeba punje ya mchele. Kakakuona hakutoka."

"Fanya haraka, kaka!" Mama Pacha alilia kutoka juu. "Maji yanakuja!"

"Asifanye haraka!" alisema Mwalimu. "Soma, baba. Soma kama ilivyoandikwa."

"Sisimizi wa pili akapita, amebeba jani. Kakakuona hakutoka." Dereva alimlaani kimoyomoyo mtu aliyeandika kitabu kile, yeye na sisimizi wake na ukoo wao wote. Maji yalimfika mapajani. Buti na wale baba wawili walikuwa wamejipanga upande wa juu wa mtaro, wameziba kwa miili yao na kwa vipande vya kibao, wakipokea matope kifuani. "Sisimizi wa tatu akapita. Hakubeba kitu. Alikuwa amechelewa tu. Kakakuona hakutoka."

Alivuta pumzi. Kulikuwa bado na mstari wa jua, na mstari wa upepo, na mstari wa jani lililoanguka ambalo halikuwa na kazi yoyote duniani ila kumchelewesha. Akausoma kila mmoja. Alimsomea mwanawe taratibu, kwa sauti iliyopasuka, kama mtu aliyepewa usiku mzima.

"Kisha jua likachungulia shimoni, likasema: haya, mpenzi. Kakakuona akatoa pua."

Ndani, uso ukageuka. Ulikuwa umelowa, macho makubwa.

"Akatoa mguu."

Mguu mmoja ukanyooka nyuma, ukatafuta zege.

"Akatoka."

Kibibi akaja kinyumenyume, akitambaa kwenye maji yaliyomfika shingoni, mpaka kisigino chake kikagusa vidole vya baba yake. Dereva akakishika kisigino kile, akavuta kila kilichofuatana nacho, akamtupa begani, akapanda ukingo kwa mkono mmoja na meno. Upande wa juu Buti alipiga kelele, wakaruka pembeni wote watatu, na maji yakaingia bombani kwa mshindo, na magogo na mawe, yakalijaza mpaka juu. Wote walitazama bomba lile mpaka Mama Pacha akaanza kulia.

Kibibi alikuwa akitetemeka, midomo imekuwa ya kijivu. Mwalimu alimvua blauzi, akamfunga kwa mtandio wake, akamsugua mgongo kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

"Ulikuwa unanisikia?" Dereva alimwuliza. "Tangu mwanzo?"

"Ndiyo."

"Nilivyokuwa nalia?"

"Ndiyo. Na mimi nililia. Lakini kimya." Akafikiri kidogo. "Baba, yule sisimizi wa tatu alichelewa wapi?"

"Alikuwa kazini," alisema Dereva, na uso wake ukakunjamana.

Mwalimu alimshika mtoto kidevu, akamgeuzia uso. "Sikiliza. Ukiitwa na baba yako, unatoka. Hata kama ukurasa haujaisha."

"Hata kitabu kikisema nisitoke?"

"Hata kitabu. Mimi ndiye niliyekosea, unanisikia? Mimi bibi yako nilikufundisha vibaya."

Kibibi alimtazama kwa mashaka makubwa, kama mtu aliyeambiwa kwamba moja na moja si mbili tena. Kisha akaegemea kifua cha bibi, akafumba macho.

Walirudi garini wamelowa chapachapa. Dereva aliwasha injini ili gari lipate joto, lakini hakuondoka. Alishika usukani kwa mikono miwili, na damu ya mabega ikawa inachora shati lake. Alijua kilichobaki kusemwa, akaona afadhali akiseme mwenyewe kuliko kukingoja.

"Mama, abaki kwako. Sitakuomba tena. Nilipokuwa nimempa mgongo nilikuwa namkubalia bosi safari ya usiku, safari ndefu. Nilipanga usijue. Nimejiona mwenyewe, mama. Sifai."

Kwenye kiti cha nyuma Mwalimu alikuwa amempakata mtoto, na kidole chake kilikuwa kinapita kwenye nyusi za Kibibi, kulia, kushoto, kulia. Mvua iligonga paa. Dereva aliona kwenye kioo kwamba mama mkwe wake, ambaye hakulia hadharani hata siku ya kumzika bintiye, alikuwa analia.

"Wewe ulimtia shimoni kwa kutosikiliza," alisema hatimaye. "Mimi nilimweka humo kwa kusikilizwa mno. Nimpeleke nyumbani nikalale naye peke yangu, nikiwaza vile alivyokataa kutoka? Siwezi. Na wewe usinirushie mtoto uondoke zako na lori, kama ulivyozoea. Hiyo safari ya usiku?"

"Simu imekwenda na maji. Bosi ataningoja mpaka achoke."

"Vizuri. Kwako kuna vitanda vingapi?"

Tangu msiba Mwalimu hakuwahi kukanyaga kwake. Dereva aligeuka, asiamini alichosikia.

"Viwili, mama. Changu na chake."

"Basi endesha," alisema Mwalimu. "Wewe utalala chini."

Dereva akasema ndiyo, mama, akatia gia, na akaanza kulia mbele ya mkwewe bila kuficha uso.